Mawe mawili, mawe matatu au komi: uchague lipi ukikaa mbele ya mashine ya Go

Machi 2012, Takemiya Masaki, mchezaji wa Go (mchezo wa ubao wa Asia Mashariki) wa Japani wa dani 9, daraja la juu kabisa, anayejulikana kote kwa mtindo wake wa kujenga katikati ya ubao, aliipa programu ya Zen mawe matano, yaani aliiacha ianze nayo yakiwa tayari ubaoni, akafungwa. Akapunguza yakawa manne, akafungwa tena, safari hii kwa pointi 20. Watu walishtuka, ila hesabu bado ilikuwa upande wa binadamu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anatoa mawe. Januari 2018 Ke Jie, kinara wa China, alikaa na Jueyi, programu ya kampuni ya Tencent, na mawe mawili akapewa yeye. Mashine ilipocheza hatua ya 77, Ke Jie akakubali yaishe.

Kutoka kutoa manne hadi kupewa mawili na bado usifue dafu, na hapo miaka sita haijatimia.

Ubishi wa nani mkali umekwisha, basi. Limebaki swali la kazi: ukitaka mchezo wenye maana kati ya mtu na mashine, mtu apewe nini, na kwa kiasi gani? Njia zipo kadhaa na hazifanani hata pale hesabu inapozilinganisha. Nitazipima kwa michezo ya wachezaji wa kulipwa, maana hao ndio walioumia hadharani, kisha niseme ipi inamfaa nani, pamoja na mashine ya kuchezea.

Kanuni, kwa asiyeujua mchezo

Ubao una mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361. Mweusi na mweupe wanapokezana kuweka mawe kwenye makutano. Tofauti na bao au drafti, jiwe likishawekwa halisogei. Huondolewa tu likizingirwa likakosa pa kupumulia. Anayejipatia eneo kubwa ndiye mshindi. Mweusi huanza, na kwa kuwa kuanza ni faida, mweupe hufidiwa pointi ziitwazo komi: 6.5 Japani na Korea, 7.5 China. Nusu pointi ipo ili kusiwe na sare.

Wachezaji wakipishana uwezo, aliye dhaifu huchukua mawe meusi na kuanza na mawili, matatu, hadi tisa yakiwa tayari yamepangwa kwenye nukta maalumu za ubao. Hapo mweupe ndiye anayeanza, na kwa kawaida komi yake huondolewa ikabaki nusu pointi. Kwa wachezaji wa ridhaa, kupishana daraja moja ni sawa na jiwe moja. Utaratibu huu ni wa zamani sana na ndio uliowapa watu kipimo cha kuipimia mashine.

Thamani yake nayo inajulikana. Jiwe moja mwanzoni mwa mchezo ni pointi 13 au 14 hivi. Ndiyo maana komi, ambayo hufidia nusu ya zamu, inazungukia kwenye 7. Ukijumlisha unapata picha hii, ambayo inakaribiana na makadirio ya mashine zenyewe:

| Njia | Faida ya mweusi | Inamfaa |
|---|---|---|
| Kuanza bila komi | kama pointi 7 | mchezaji wa kulipwa anayetaka kujipima tu |
| Mawe mawili, mweupe akibaki na komi ya 7.5 | 13 au 14 | pambano la hadhara |
| Mawe mawili bila komi | kama 20 | mchezaji wa kulipwa wa juu |
| Mawe matatu bila komi | 33 au 34 | wa kulipwa wa kawaida, na wa ridhaa walio juu kabisa |
| Komi kinyume (mweusi ndiye anayepewa pointi) | mnavyokubaliana | anayejifunza ufunguzi |

Safu ya katikati ndiyo inayodanganya watu. Pointi 14 zilizoandikwa kwenye karatasi na pointi 14 zilizokaa ubaoni kama jiwe hazichezeki kwa namna moja.

Mawe mawili na komi: Lee Sedol na HanDol

Mfano ulio wazi kuliko yote ni pambano la kuaga la Lee Sedol. Lee, bingwa wa Korea Kusini, ndiye aliyefungwa 4–1 na AlphaGo, programu ya DeepMind ya Google, mjini Seoul mwezi Machi 2016. Novemba 2019 alitangaza kustaafu, na moja ya sababu alizotoa ni kwamba hata akiwa namba moja, kuna kitu kisichofungika kimekaa juu yake. Desemba mwaka huo akacheza michezo mitatu na HanDol, programu ya kampuni ya NHN ya Korea Kusini ambayo ilikuwa imeshawafunga wachezaji wa juu kabisa wa nchi hiyo kwa mchezo wa sawa kwa sawa.

Masharti yalipangwa kwa akili. Mchezo wa kwanza Lee anapewa mawe mawili, ila HanDol inabaki na komi ya 7.5. Akishinda, wa pili unakuwa sawa kwa sawa. Akishindwa, anaongezewa jiwe la tatu. Mchezo wenyewe ndio unaotafuta kipimo, na kwa maoni yangu huu ndio mpangilio mzuri kuliko wowote uliowahi kufanywa hadharani, kwa sababu haukulazimisha mtu yeyote kukisia mapema tofauti ni ya mawe mangapi.

Tarehe 18 Desemba Lee akashinda kwa hatua 92. Alicheza kwa utulivu usio wa kawaida yake. Lee wa siku zote ni mtu wa vurugu, anayependa kuwasha moto pembe tatu kwa wakati mmoja. Siku ile alitulia, akalinda faida yake na kungoja. HanDol ikasogea kushambulia kundi lake jeusi. Hatua ya 78 Lee akaweka jiwe ambalo programu haikulitegemea, na mawe matatu meupe yaliyokuwa nguzo ya shambulio lile yakanaswa. Baada ya hapo hapakuwa na mchezo tena. (Namba 78 iliwasisimua mashabiki, maana ushindi wake pekee dhidi ya AlphaGo mwaka 2016 nao ulitokana na hatua ya 78. Ni bahati tu, lakini ya kupendeza.)

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Lee mwenyewe alisema hatua ile ni ya kawaida kwa mchezaji wa kulipwa. La ajabu ni kwamba mashine haikuiona. Hapo ndipo penye somo kwa anayetaka kuchagua. Programu za aina hii hujifunza kwa kucheza na nafsi zao, kwa sehemu kubwa michezo ya sawa kwa sawa. Ukiiwekea mawe mawili ya mpinzani kabla haijaanza, inajikuta mahali isipopazoea: nafasi yake ya kushinda, kwa hesabu zake, iko chini tangu hatua ya kwanza. Uimara wake kwenye mchezo wa sawa haukuwa dhamana ya uimara kwenye mchezo wa kupewa mawe.

Mchezo wa pili, sawa kwa sawa, HanDol ikamaliza kazi kwa hatua 122. Wa tatu ulichezwa tarehe 21 Desemba huko Sinan, wilaya ya visiwa alikozaliwa Lee, kwa mawe mawili kama mwanzo. Lee akarudi kwenye vurugu zake, akapigana, akafungwa kwa hatua 181. Nadhani alijua anachokifanya. Alitaka kuaga akicheza Go yake mwenyewe, na ile ya mchezo wa kwanza ilikuwa Go ya mtu anayelinda mali.

Kwa hiyo kiwango hiki, ile faida ya pointi 13 au 14, mwaka 2019 kilitoa ushindi mmoja kwa kila upande. Kwa pambano la watazamaji ni kiwango kizuri. Kwa kumpima mtu nguvu zake za kweli ni kidogo, maana ushindi ulitegemea mashine kuteleza.

Mawe mawili au matatu?

Zamani wachezaji wa kulipwa walikuwa na maongezi yao ya jioni: ukikaa na mungu wa Go, asiyekosea kamwe, utahitaji mawe mangapi? Wengi walisema mawili, wengine matatu. Mchezo wa Ke Jie wa mwaka 2018 uliwatia shaka wale wa mawili. Hatua 77 ni chache; kwa kawaida mchezo mzima hupita 200. Ina maana faida ya mawe mawili ililiwa yote, na zaidi, kabla ubao haujajaa hata nusu.

Ukiangalia jinsi mashine inavyokula faida hiyo utaelewa kwa nini jiwe la tatu linabadilisha mambo. Haiji na pigo moja kubwa. Inachukua pointi moja hapa kwa kukulazimisha ujibu, mbili kule kwa kukuacha na kundi la mawe lililo mzigo kulilinda, na kila mara wewe unaona umejibu vizuri. Mchezaji wa kulipwa mwenye pointi 20 mkononi akipoteza nusu pointi kwa kila hatua anayocheza, hatua zake 40 zinatosha kumfilisi. Mwenye 34 anaweza kufika mwisho wa mchezo angali na kitu, na mwishoni nafasi za kukosea huwa chache.

Ukiniuliza mimi, mchezaji wa kulipwa asiye miongoni mwa wale wachache wa kileleni achague matatu na asione haya. Wa kileleni achague mawili, ila aondoe komi. Mawe manne kwenda juu kwa mtu wa kulipwa hayana la kufundisha. Atashinda kwa kukaa tu.

Mawe au komi kinyume?

Komi kinyume ni hivi: ubao hauna kitu, mweusi anaanza, na juu yake anapewa pointi, tuseme 14. Kwenye karatasi hiyo ni sawasawa na kupewa mawe mawili bila komi: pointi 7 za kuanza na 14 za zawadi zinatoa 21.

Ubaoni ni mbingu na ardhi. Mawe mawili yaliyokaa kwenye pembe yana kazi: yanaunga mkono mapigano, yanamnyima mweupe pembe ya amani, yanageuza kila vurugu iwe kwa faida ya mweusi. Pointi za komi hazipigani. Zimekaa zinasubiri hesabu ya mwisho, na mwenye kuzipokea anaanza kucheza kwa woga, akikubali kila dhuluma ndogo kwa kuwa “bado niko mbele”. Dhidi ya mpinzani ambaye ubingwa wake ni kukusanya visenti, huo ndio mtego wenyewe.

Hata hivyo komi kinyume ina sifa ambayo mawe hayana: ufunguzi unabaki wa kweli. Ukipewa mawe kila siku unazoea ubao ambao hutaukuta kwenye mashindano. Kwa hiyo anayejiandaa kwa mechi, na anataka kuuliza mashine maswali kuhusu hatua 50 za mwanzo, achukue komi kinyume. Wengine wote wachukue mawe.

Wachezaji wa chesi wanaijua shida hii kwa ubaya zaidi. Kule huwezi kuongeza. Lazima uondoe kete au utoe hatua za bure. Januari 2016 Hikaru Nakamura alicheza na programu ya Komodo michezo minne, kila mmoja kwa punguzo tofauti, na mashine ikashinda 2.5 kwa 1.5. Ubao uliopunguzwa kete si chesi uliyoizoea. Go ina bahati kwamba jiwe la ziada linabaki jiwe kama mengine.

Kuinyima mashine muda wa kufikiri

Kuna wanaopendekeza mtu asipewe mawe wala pointi, bali mashine ikatazwe kufikiri: icheze hatua ya kwanza inayoijia kichwani. Ni wazo zuri kulisikia. Lakini kwenye ripoti ya AlphaGo Zero, toleo la baadaye la AlphaGo, ya mwaka 2017, mtandao wa neva peke yake, bila kutafuta hatua za mbele kabisa, ulipimwa ukapata alama 3,055 za Elo, kipimo cha uwezo wa wachezaji. AlphaGo iliyomfunga bingwa wa Ulaya Fan Hui mwaka 2015, yenye utafutaji kamili, ilikuwa na 3,144. Yaani hata ikicheza kwa silika tu, mashine ya kizazi kile ilikuwa jirani na mchezaji wa kulipwa. Kwa mtu wa ridhaa punguzo hilo halisaidii chochote. Kwa mtu wa kulipwa linaweza kunogesha mchezo, ila makosa ya mashine yanakuwa ya ajabu ajabu, hasa panapohitajika kuona mfululizo mrefu wa hatua za mbele, nawe unaishia kuwinda makosa hayo badala ya kucheza.

Mashine ipi?

Zilizowafunga mabingwa, AlphaGo, Jueyi na HanDol, huwezi kuzipakua ukacheza nazo nyumbani. Za bure zinazohusika hapa ni mbili, na chaguo ni rahisi.

Leela Zero iliasisiwa na Gian-Carlo Pascutto mwaka 2017 kwa kufuata nyayo za AlphaGo Zero, na watu wa kujitolea waliisaidia kwa kompyuta zao. Kwenye mchezo wa sawa ilikuwa kali. Kwenye kupewa mawe ni taabu tupu. Ilifundishwa kwa komi ya 7.5 peke yake, na inachojali ni uwezekano wa kushinda tu. Ukiiwekea mawe manne inaona imeshapotea, kila hatua inaonekana sawa na nyingine, ikaanza kurusha mawe mahali pasipo na maana. Inadhani nawe unacheza kama yeye, kwa hiyo haioni sababu ya kutumaini.

KataGo, ya David Wu, iliyotoka mwaka 2019, ilifundishwa kwa komi tofauti, ubao wa ukubwa tofauti, na pia michezo ya kupewa mawe. Zaidi ya uwezekano wa kushinda, inahesabu pointi. Ikiwa nyuma kwa 40 inapigania kufika 39, halafu 38, kama afanyavyo mwalimu anayempa mwanafunzi mawe. Kuna hata mpangilio wa kuiambia kuwa mpinzani ana uwezo mdogo wa kuona mbele, nayo inapocheza upande mweupe inakuwa na uthubutu zaidi. Inaendeshwa ndani ya programu kama KaTrain au Sabaki, na lipo toleo la kompyuta isiyo na kadi ya michoro, ingawa ni la polepole. Kwa mchezo wa kupewa mawe, chukua KataGo, usisumbuke na nyingine.

Jambo moja la pembeni: Februari 2023 iliripotiwa kwamba Kellin Pelrine, mchezaji wa ridhaa wa Marekani, aliifunga KataGo michezo 14 kati ya 15 bila kupewa jiwe. Alitumia mbinu iliyogunduliwa na programu nyingine: kulizunguka kundi la mashine kwa duara pole pole huku ukiishughulisha kwingine, mpaka likafa bila yenyewe kutambua. Ni kweli na inafurahisha, lakini kwa anayetaka kukua kimchezo ni njia ya pembeni. Haikufundishi kitu utakachomfanyia binadamu.

Kwa aliye mwanzoni

Hapa ndipo ninapokataa mawe. Mtu wa kyu 20, yaani daraja la wanaoanza, akipewa mawe tisa na KataGo yenye nguvu zote, atatazama mawe yake yakifa moja baada ya jingine bila kujua lilikosewa wapi. Mawe tisa ni faida kubwa mno mikononi mwa anayejua kuyaunganisha, na mzigo tu kwa asiyejua. Mchezaji wa kulipwa akipewa mawili anajua hasa yanalinda nini; ndiyo maana yanamfaa.

Julai 2024 KataGo iliongezewa mtandao wa aina nyingine, uliofundishwa kwa michezo ya watu ili uige binadamu. Unauchagulia kiwango, kuanzia kyu 20 hadi dani 9, nao unacheza kama mtu wa kiwango hicho, makosa yake yakiwemo. Unaweza hata kuuambia uige mchezaji wa kulipwa wa mwaka fulani wa zamani. Kwa anayeanza, huu unashinda mawe yote tisa. Uweke daraja mbili juu yako, uchukue mawe mawili, anza na ubao wa 9 kwa 9 ikiwa 19 unakuchosha. Ukishinda mara tatu mfululizo, ondoa jiwe moja. Ukifungwa mara tatu, lirudishe. Kila mchezo ukiisha, ifungue KataGo ya kawaida ikuonyeshe ni hatua ipi iliyokupotezea pointi nyingi kuliko zote, uitazame hiyo moja, kisha upange mawe upya.